Njia ya Intaneti Isiwe na Mlango wa Nyuma

Mwezi Mei 2024 sisi watu wa Kusini tulifundishwa somo moja mara mbili. Katika siku za mwanzo za mwezi huo Kimbunga Hidaya kiliikumba pwani yetu, na mvua zilizofuatana nacho zikaikata barabara ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga. Mabasi yakalala njiani, malori yakapanga mstari, na abiria wakabaki kuyatazama maji yakipita mahali ambapo jana yake palikuwa na lami. Kabla watu hawajamaliza kusimuliana habari za barabara, Jumapili ya tarehe 12 Mei intaneti nayo ikakatika. Mikongo miwili ya chini ya bahari, SEACOM na EASSy, ilikuwa imepata hitilafu katika kipande kilicho kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Njia ya kaskazini ilikuwa imekwisha kudhoofika tangu Februari mwaka huo, mikongo ilipoharibiwa katika Bahari ya Shamu. Nchi nzima ikatetereka.

Lakini tazama tofauti ya misiba hiyo miwili. Barabara ilipokatika, kila mtu aliliona shimo. Dereva aliliona, mhandisi aliliona, na picha zake zikatangazwa kote. Ilipokatika intaneti, mkazi wa Chikongola aliona kiduara kikizunguka kwenye kioo cha simu yake, basi. Hakujua kama kosa ni la simu, la mnara, la kampuni, la Dar es Salaam au la baharini. Wengine walinunua kifurushi kingine wakidhani cha kwanza kimekwisha.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo. Barabara ya lami ina mkaguzi wa bure, nayo ni macho ya wapita njia. Barabara ya intaneti haina mkaguzi wa namna hiyo. Ikiwa nyembamba, ikiwa imezibwa, au ikiwa mtu mmoja anapitishwa upesi na mwingine anacheleweshwa makusudi, asiye na vyombo vya kupimia hawezi kujua. Kwa sababu hiyo wananchi hawana budi kuwa na msimamizi anayeona kwa niaba yao, na msimamizi huyo hana budi kuwa na sheria inayotamka wazi ni lipi halali na lipi haramu.

Tunataka kuzungumzia mambo mawili. La kwanza ni hili: nani anafikishiwa njia hiyo, na nani anaachwa? La pili: njia ikishafika, mzigo wa nani hupita kwanza?

Tuanze na jambo la kwanza. Intaneti tunayoitumia hapa Mtwara hutoka mbali. Huvuka bahari kwa mikongo inayotia nanga Dar es Salaam. SEACOM ilianza kazi Julai 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Kutoka Dar es Salaam husafirishwa nchi kavu, na njia kubwa ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao Serikali imelikabidhi Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, kuuendesha. Makampuni mengine hununua nafasi ndani ya Mkongo huo, kisha huisambaza huduma kwa minara ya simu au kwa nyaya zinazoingia majumbani na maofisini. Zipo nchini pia kampuni za kebo zilizoanza kwa kupeleka picha za televisheni nyumba kwa nyumba, na ambazo sasa zaweza kuuza intaneti kwa kutumia nyaya zile zile.

Mkongo umefika Mtwara. Tunashukuru, wala hatutaki kuonekana watu wasiojua kushukuru. Lakini mkongo kufika mjini ni jambo moja, na mwananchi kufikiwa ni jambo jingine. Bomba kubwa la maji laweza kupita mbele ya nyumba ya mtu, naye akaendelea kubeba ndoo. Kampuni yoyote ya biashara itatandika waya mahali ambapo nyumba zimesongamana na wenye nyumba wana fedha za kulipa kila mwezi. Itaanza maofisini na mahotelini, itakwenda Shangani, pengine itapita katika baadhi ya mitaa ya Chikongola, kisha itasimama. Haitavuka kwa hiari yake kwenda Msanga Mkuu wala Msimbati, wala haitateremka mpaka Mahurunga na Kitaya kwenye kingo za Ruvuma. Hatuyatukani makampuni kwa kusema hivyo. Mfanyabiashara hufuata faida kama mvuvi anavyofuata samaki. Tunachosema ni kwamba haki ya wananchi haiwezi kuachwa ifuate mkondo huo huo.

Sisi wa Mtwara tunalijua jambo hili kwa historia yetu wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Kiingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na kwa ajili ya mradi huo ikajengwa bandari hapa Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Reli ile ilijengwa kwa ajili ya karanga, haikujengwa kwa ajili ya watu. Karanga zilipokataa, mradi ukavunjwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Wakulima walioishi kando yake walibaki wakitembea kwa miguu juu ya tuta lililokuwa na njia ya treni. Njia inayojengwa kwa ajili ya mzigo wa mtu mmoja hufa siku mzigo huo unapokosekana. Njia inayojengwa kwa sharti la kuwahudumia wote hudumu, kwa sababu kila mtu ana sababu ya kuitunza.

Taifa letu limelitambua hilo katika sheria. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili sehemu ya mapato ya makampuni itumike kupeleka huduma mahali ambapo biashara peke yake isingefika. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, kwa ruzuku ya Serikali. Huo ni mwendo mzuri. Hata hivyo, tunapenda kuonya juu ya takwimu za aina moja ambazo huwafurahisha wakubwa mno. Tunaposikia kwamba asilimia kubwa ya wananchi wanaishi mahali penye mtandao, maana yake ni kwamba wimbi la mnara linawafikia. Haina maana kwamba wanaitumia intaneti, wala kwamba kasi yake inatosha kufanya kazi, wala kwamba bei yake inamwezesha mkulima kuinunua. Mtu anayepanda juu ya mkorosho apate kupeleka ujumbe, katika hesabu hizo naye huweza kuandikwa kuwa amefikiwa.

Kwa hiyo tunashauri leseni zisimamiwe kwa macho makali zaidi. Tangu mwaka 2005 nchi yetu ina mfumo wa leseni unaotenganisha ujenzi wa miundombinu, uendeshaji wa mtandao, utoaji wa huduma na utangazaji wa maudhui, na leseni hizo huweza kuwa za wilaya, za mkoa, za taifa au za kimataifa. Mfumo huo ni mzuri, kwa kuwa humwezesha mtu mwenye mtaji mdogo kuanzisha huduma ya kebo katika wilaya moja bila kushindana na vigogo wa nchi nzima. Basi kila leseni ya mkoa iambatane na ramani: mwaka wa kwanza waya utafika wapi, wa pili wapi, na shule, zahanati na ofisi za kata zipi zitaunganishwa. Ramani hiyo ibandikwe ofisi ya kata, wananchi waisome. Anayeshindwa kutimiza aulizwe mbele ya wananchi hao, na akiendelea kushindwa anyang'anywe eneo apewe mwingine.

Aidha, asiruhusiwe mtu kuhodhi nguzo na mitaro. Ni upuuzi mtaa mmoja kufukuliwa mara tatu na makampuni matatu, huku mtaa wa pili haujafukuliwa hata mara moja. Mwenye nguzo auze nafasi kwa mwenzake kwa bei inayojulikana. Na kwa kuwa TTCL ni mwuzaji wa jumla wa nafasi katika Mkongo na papo hapo ni mwuzaji wa rejareja kwa wananchi, hesabu za shughuli hizo mbili zitenganishwe, ili kampuni ndogo ya Mtwara inunue nafasi kwa masharti yale yale ambayo shirika lenyewe linajiuzia. Mchezaji akishika na filimbi, hata akihukumu kwa haki hakuna atakayemwamini.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, ambalo kwa maoni yetu ni zito zaidi kwa sababu limefichika zaidi.

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika. Watu walipanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri wakingoja sukari, sabuni na vitenge. Ikifika saa nne mwenye duka anatangaza kwamba mali imekwisha. Lakini jioni sukari ile ile ilionekana ikitoka kwa mlango wa nyuma, kwa wale wenye jina au wenye cha kuongeza. Wananchi waliivumilia shida ile kwa sababu nchi ilikuwa katika taabu. Kilichowauma ni ule mlango wa nyuma.

Intaneti nayo ni foleni. Picha, barua, sauti na hesabu zote hukatwa vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo husafiri pamoja katika waya mmoja. Waya ukijaa, chombo cha kampuni huamua kipi kipite na kipi kingoje. Kama kinapitisha kwa zamu, hiyo ni foleni ya haki. Lakini chombo hicho hicho chaweza kuamriwa kwamba vipande vya mwenye mali fulani vipite kwanza kwa kuwa amelipia, na vya mshindani wake vicheleweshwe. Chaweza kuamriwa kuifungua upesi televisheni ya kampuni yenyewe, na kuikwamisha ya kampuni nyingine mpaka mteja achoke ahame. Huo ndio mlango wa nyuma wa zama hizi, na ubaya wake ni kwamba aliye kwenye foleni hauoni.

Pengine msomaji atasema kwamba tunaota ndoto. Hatuoti. Mwaka 2007 huko Marekani kampuni ya kebo ya Comcast iligunduliwa kuwa inaikwamisha programu ya kubadilishana mafaili iitwayo BitTorrent. Shirika la habari la Associated Press lilifanya jaribio la kupitisha nakala ya Biblia kwa njia hiyo, nalo likakwamishwa. Mwezi Agosti 2008 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliiamuru kampuni iache. Kampuni ikaenda mahakamani, na Aprili 2010 mahakama ikaamua kwamba sheria haikuipa mamlaka hiyo uwezo wa kutoa amri ya namna ile. Mwaka 2015 mamlaka ikatunga kanuni kali za usawa wa mtandao; mwaka 2017 ikazifuta yenyewe baada ya serikali kubadilika; Aprili 2024 ikazirudisha; na mwezi Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitangua. Taifa kubwa kama hilo limezunguka karibu miaka ishirini kama punda wa kinu, kwa sababu Bunge lake halikuandika neno moja lililo wazi katika sheria.

Wengine walikwenda kwa njia iliyonyooka. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria ya pamoja mwaka 2015 inayozitaka kampuni zipitishe mizigo yote kwa usawa. India, tarehe 8 Februari 2016, ilipiga marufuku kampuni kutoza bei tofauti kwa kutegemea mteja anafungua ukurasa gani, na uamuzi huo ukaizuia huduma ya Facebook ya kurasa chache za bure.

Huduma ya aina hiyo sisi hatuisikii kwa jirani tu. Hapa Tanzania iliingia mwezi Oktoba 2014 kwa ushirikiano wa Facebook na kampuni ya Tigo, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Yas. Hatusemi kwamba aliyeitumia alifanya kosa. Masikini akipewa maji ya bure hawezi kulaumiwa kwa kuyanywa. Lakini lazima tujiulize, kisima hicho ni cha nani na kinampeleka mnywaji wapi? Kijana anayefungua kurasa chache za bure kutoka ng'ambo, na kukuta kurasa za nchi yake zinalipiwa, polepole ataamini kwamba intaneti yote ndiyo hiyo. Na fundi wa programu wa Mtwara, aliyeandika kwa Kiswahili chombo cha kuwasaidia wakulima wa korosho, atashindana vipi na tajiri anayeweza kulipia ukurasa wake uwe wa bure nchi nzima?

Ni haki tuzisikilize pia hoja za makampuni, maana mwamuzi asiyesikiliza upande wa pili ni mpiga domo tu. Wanasema kwanza kwamba mizigo hailingani: sauti ya daktari anayeshauriana na mwenzake haiwezi kungoja, lakini barua yaweza kungoja dakika moja bila madhara. Hilo ni kweli, na sisi tunalikubali. Gari la wagonjwa hupishwa barabarani, wala hakuna anayelalamika. Lakini linapishwa kwa sababu limebeba mgonjwa, yeyote awaye. Halipishwi kwa sababu mwenye gari amempa trafiki kitu kidogo. Tofauti ndiyo hiyo. Kampuni iruhusiwe kutofautisha kwa aina ya mzigo pale msongamano unapotokea, ilimradi mizigo yote ya aina moja itendewe sawa, na ilimradi kampuni iseme hadharani inafanya nini. Isiruhusiwe kutofautisha kwa jina la mwenye mzigo.

Wanasema pili kwamba kutandika waya ni gharama, na ya kwamba wakizuiwa kuuza njia ya upesi hawatapata fedha za kufika vijijini. Hoja hii inavutia masikio, lakini haisimami. Kampuni inayoweza kuuza upesi hupata faida pale ambapo njia ya kawaida ni ya polepole. Mwenye kivuko anayeuza nafasi za mbele hana haraka ya kununua kivuko cha pili. Zaidi ya hayo, gharama za vijijini zina mfuko wake uliowekwa na sheria. Kama mfuko hautoshi, tuuzungumze mfuko, tusiuze foleni.

Wanasema tatu kwamba wananchi wanapenda vifurushi vya bei nafuu vya mitandao ya kijamii. Bila shaka wanavipenda, maana vifurushi vya kawaida ni ghali kwao. Dawa ya ughali ni kushusha bei ya vyote.

Labda msomaji wa kijijini ataona kwamba haya ni mashindano ya matajiri wa mjini. Tunamwomba atazame shambani kwake. Katika msimu wa 2024/25 minada ya korosho za vyama vyetu vikuu, MAMCU na TANECU, iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Wanunuzi waliweka bei kwa intaneti, na katika mnada wa kwanza mwezi Oktoba 2024 bei zilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa maneno mengine, soko la mkulima wa Tandahimba na Newala sasa limo ndani ya waya. Atakayeziona bei kwanza ndiye atakayejua kama auze au angoje. Anayefikiwa na habari baada ya wenzake hukutwa na kangomba, yule mlanguzi mwenye kipimo chake, akimweleza bei ya uongo kwenye kizingiti cha nyumba.

Na siyo korosho peke yake. Kijana aliyemaliza kidato cha sita huomba mkopo wa chuo kwa intaneti, na dirisha lina tarehe ya kufungwa. Anayetafuta kazi serikalini hutuma maombi kwa intaneti. Mfanyabiashara hupata namba ya malipo ya Serikali kwa intaneti. Serikali yenyewe imezihamisha meza zake za huduma kutoka ofisini kuziingiza katika mtandao, na kwa hakika imepunguza usumbufu na rushwa. Lakini kwa kufanya hivyo imefanya mtandao kuwa mlango wa ofisi zake. Mlango huo ukiwa mpana kwa mkazi wa Masaki na mwembamba kwa mkazi wa Nanyamba, basi wananchi hao wawili hawana tena serikali moja.

Tuna mfano wa karibu unaoonyesha kwamba usimamizi unahitaji nguvu na vilevile busara. Tarehe 2 Aprili 2021 kanuni mpya za vifurushi zilianza kutumika. Nia ilikuwa kuwalinda watumiaji. Siku ile ile wananchi walikuta bei zimepanda, kelele zikaenea nchi nzima, na bei hizo zikasitishwa mara moja kwa agizo la Serikali. Tunajifunza mambo mawili. Kanuni iliyotungwa bila kuwashirikisha watumiaji vya kutosha huweza kuwaumiza wale wale inaotaka kuwalinda. Na wananchi wakisema kwa sauti moja, husikilizwa.

Haitakuwa uungwana tukiyanyoshea kidole makampuni peke yao. Kanuni ya usawa wa njia haina budi kumfunga kila mwenye mkono juu ya swichi, Serikali ikiwa mojawapo. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatika nchini na ikachukua siku kadhaa kurejea. Katika siku hizo mgonjwa na mwuguzi, mwuza samaki na mnunuzi, mama na mwanawe aliye mbali, wote walifungiwa mlango mmoja. Tunasema kwa heshima zote kwamba chombo kilichokwisha kuwa soko, ofisi na hospitali hakifai kufungwa pasipo sheria inayotaja sababu, mipaka, muda, na mtu wa kuulizwa baadaye.

Basi tunapendekeza hivi. Kwanza, sheria iseme kwa maneno yake yenyewe kwamba ni marufuku kampuni yoyote, ya simu au ya kebo, kuzuia, kuchelewesha au kupendelea mzigo wa intaneti kwa sababu ya mwenye mzigo au kwa sababu ya malipo. Isiachwe kwa tafsiri. Tumekwisha kuona yaliyowapata Wamarekani. Pili, kifurushi kinachoitwa hakina kikomo kisiuzwe kwa jina hilo kama kasi yake hupunguzwa baada ya kiasi fulani. Kiasi hicho na kasi inayobaki viandikwe mbele, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani ataweza kuzisoma. Tatu, TCRA, ambayo tayari hupima ubora wa huduma, itangaze vipimo hivyo kata kwa kata, ili mkazi wa Chikongola ajue kasi aliyouziwa na kasi aliyopewa. Nne, ramani za leseni ziwe wazi kama tulivyoeleza. Tano, madiwani wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani na wa halmashauri nyingine za mkoa, wanapotoa vibali vya kupitisha nguzo na mitaro, wadai shule na zahanati ziunganishwe kwanza.

Kwa upande wao, wananchi nao wana wajibu. Tumezoea kunung'unika vibarazani kisha tukanunua vocha nyingine. Huduma ikiwa mbovu, mteja aandike siku, saa na mahali, apeleke malalamiko kwa kampuni yake. Asiporidhika, apeleke TCRA. Na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililowekwa na sheria ya mwaka 2003 kwa ajili yake. Malalamiko yaliyoandikwa ni ushahidi. Manung'uniko ni upepo.

Kutoka mkoa huu hutoka gesi inayosindikwa Madimba na kusafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam tangu mwaka 2015, ikawashe taa za nchi nzima. Katika bomba lile hakuna gesi ya mkubwa inayopita mbele na ya mdogo inayongoja nyuma. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.6 uliokubali kutoa kilicho chake kwa ajili ya wote hauombi upendeleo unapotaka waya unaorudi kwake uwe mpana na foleni yake iwe moja. Hapa kwetu husemwa Mtwara kuchele, yaani kumekucha. Lakini kukikucha, jua halichagui paa la kuangazia. Na njia ya mawasiliano iwe hivyo hivyo.